Nani Anaruhusiwa Kusimamisha Kazi?

Kiwanda cha magari cha General Motors kilichokuwa Fremont, jimboni California, kilipofungwa mwaka 1982, makao makuu walishusha pumzi. Kilikuwa kimeshindikana. Siku za kawaida, mfanyakazi mmoja kati ya watano hakutokea kazini. Kati ya waliotokea, wapo waliokunywa pombe zamuni, na wapo walioacha chupa tupu za soda ndani ya milango ya magari kwa makusudi, mnunuzi akeshe akitafuta kinachogonga. Chama cha wafanyakazi na menejimenti walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

Miaka miwili baadaye kiwanda kilekile kilifunguliwa tena kwa ubia wa General Motors na Toyota, kikaitwa NUMMI. Majengo yaleyale, chama kilekile, na wafanyakazi wengi walewale, wakiwemo waliojulikana kwa ukorofi. Mamia ya viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kujifunza. Mwishoni mwa 1984 likatoka gari la kwanza, Chevrolet Nova. Haukupita muda mrefu utoro ukashuka hadi asilimia chache, na magari ya Fremont yakawa yanakaribiana kwa ubora na yale yaliyoundwa Japani kwenyewe.

Kisa hiki husimuliwa katika semina nyingi za ubora, na washauri waelekezi hukitumia kuuza walichonacho. Wengi wanachokiona ni vifaa: kadi za kanban, mistari ya rangi sakafuni, ubao wa taa. Hata General Motors iliona hivyo. Ilijaribu kuhamishia mambo hayo katika kiwanda chake cha Van Nuys, kusini mwa jimbo hilohilo, yakagoma kushika. Van Nuys ilifungwa mwaka 1992.

Kitu ambacho hakikuhamishika ni kamba. Fremont, kamba ilipita juu ya mstari wa kuunganishia magari, kila mtu akiifikia kwa mkono. Mfanyakazi akiona kasoro, au akizidiwa na kazi yake, aliivuta. Muziki mfupi ulilia, taa ya kituo chake ikawaka, na kiongozi wa kikundi akaja kuuliza amsaidie nini. Wakilimaliza tatizo kabla gari halijavuka kituo, kamba ilivutwa tena na kazi ikaendelea. Wasipolimaliza, mstari mzima ulisimama. Katika Fremont ya zamani jambo hilo halikuwaziwa: mstari hausimami, liwe liwalo. Gari lenye kasoro lilisukumwa mbele pamoja na mengine, halafu likapelekwa uwanjani kusubiri mafundi wa kurekebisha.

Hapa ndipo pa kuanzia anayetaka kulinganisha mifumo ya ubora inayotumika katika kampuni kubwa. Mazoea ni kuilinganisha kwa zana: huu una chati, huu una hatua tano, huu una vifungu kumi. Lakini zana zinaazimwa kirahisi, na leo karibu kila kampuni kubwa ina mchanganyiko wa zote. Kinachotofautisha mifumo hii ni nani aliyepewa mamlaka ya kusema kwamba kitu hiki kimeharibika, na yanayompata siku anapolisema. Mfumo wa Toyota unamwamini anayeishika kazi kwa mikono yake. Six Sigma inamwamini mtaalamu mwenye takwimu. ISO 9001 inaamini maandishi, na mkaguzi anayekuja kuyasoma. Ukishajua imani ya mfumo imewekwa wapi, umeshajua pia utavujia wapi.

Mifumo hii mitatu ina babu mmoja. Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyefanya kazi Western Electric, kampuni iliyotengeneza simu nchini Marekani, aliandika waraka mfupi wenye mchoro. Mchoro huo ndio chati ya udhibiti. Wazo lake lilikuwa kwamba hakuna vitu viwili vinavyotoka kiwandani vikiwa sawasawa kabisa. Kuna kuyumba kwa kila siku, ambako kumo ndani ya namna kazi ilivyopangwa, na kuna kuyumba kunakoletwa na jambo mahususi: mashine imelegea, malighafi imebadilishwa, fundi ni mgeni. Msimamizi asiyetofautisha mawili haya humkaripia fundi kwa kosa ambalo limezaliwa na mpangilio wenyewe, na kila akirekebisha huzidisha kuyumba.

W. Edwards Deming alilichukua wazo hilo na kulipeleka Japani mwaka 1950, akiwahutubia wakuu wa viwanda kwa mwaliko wa JUSE, chama cha wanasayansi na wahandisi wa huko. Mwaka uliofuata Wajapani walianzisha tuzo yenye jina lake. Joseph Juran alimfuata mwaka 1954. Deming alishikilia kwamba kasoro nyingi ni mali ya mfumo, na mwenye mfumo ni menejimenti. Mabango ya kuwahimiza wafanyakazi wajitahidi alitaka yaondolewe kabisa. Nyumbani kwake Marekani hakusikika sana hadi mwaka 1980, televisheni ya NBC ilipomwonyesha katika kipindi kilichouliza kwa nini Japani inaweza na Marekani haiwezi. Alikuwa amekaribia umri wa miaka 80.

Toyota ilikuwa na asili yake pia, na ilianzia kwenye nguo. Kitanda cha kufumia cha Sakichi Toyoda cha mwaka 1924 kilisimama chenyewe uzi unapokatika, hivyo binti mmoja aliweza kuangalia vitanda vingi bila kuogopa kwamba kimoja kinaendelea kufuma kitambaa kibovu. Kusimama huko ndiko kulikoingia baadaye katika magari. Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga mfumo wa Toyota baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliongeza kanban, kadi inayozuia kituo kimoja kutengeneza zaidi ya kinachohitajiwa na kituo kinachofuata. Akiba ya vipuri ikipungua, kasoro hukosa pa kujificha: kipuri kimoja kibovu kinasimamisha kazi leo, hakisubiri kugunduliwa ghalani mwezi ujao.

Jambo ambalo semina hulipitia haraka ni mgogoro wa mwaka 1950. Toyota ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, wafanyakazi wakagoma, takriban 2,000 wakaondoka, na mwanzilishi wa kampuni ya magari, Kiichiro Toyoda, mtoto wa Sakichi, akajiuzulu. Makubaliano yaliyojengwa baada ya hapo yaliwapa waliobaki uhakika wa ajira, nao wakakubali kubadilishwa kazi na kutoa mawazo ya kupunguza upotevu. Pasipo uhakika huo, hesabu ya mfanyakazi ni rahisi: akionyesha kwamba kazi ya watu wanne inaweza kufanywa na watatu, amemfukuzisha mwenzake, pengine na yeye mwenyewe. Fremont walilijua hilo. Mauzo yalipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980 na kiwanda kikawa na kazi pungufu, NUMMI haikupunguza mtu. Waliokosa kazi mstarini walipewa mafunzo na shughuli za kuboresha kiwanda. Van Nuys hawakuwa na ahadi ya namna hiyo, wala mameneja waliozoea kupimwa kwa idadi ya magari hawakuwa tayari kuona mstari ukisimama kwa amri ya mtu wa chini.

Six Sigma ilizaliwa kwenye aibu ya aina nyingine. Mwaka 1974 Motorola iliiuzia Matsushita ya Japani biashara yake ya televisheni, na Wajapani wakapunguza kasoro kwa kiasi kikubwa katika kiwanda kilekile. Mwaka 1979 mkuu wa mauzo, Art Sundry, alisimama katika kikao cha wakubwa akasema waziwazi kwamba ubora wa kampuni unanuka. Bob Galvin, aliyekuwa akiiongoza Motorola, hakumfukuza. Mwaka 1986 mhandisi Bill Smith akatoa njia ya kuhesabu: kila hatua ya kazi ipimwe kwa idadi ya nafasi za kukosea, na lengo liwe makosa yasiyozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja. Anayejivunia usahihi wa asilimia 99 bado ana makosa 10,000 katika milioni hiyo. Mwaka 1988 Motorola ilikuwa miongoni mwa washindi wa kwanza wa tuzo ya taifa ya ubora ya Marekani, inayoitwa Baldrige.

Aliyeifanya ijulikane dunia nzima ni Jack Welch wa General Electric, kuanzia 1995. Alijenga jeshi. Wataalamu waliofuzu walipewa majina ya karate, mikanda ya kijani na mikanda myeusi. Wenye mikanda myeusi waliacha kazi zao za kawaida wakafanya miradi tu. Kila mradi ulipita hatua tano: kulifafanua tatizo, kupima, kuchambua, kuboresha na kudhibiti. Asiyepitia mafunzo hayo asingetarajia kupandishwa cheo. General Electric ilitangaza kwamba kwa mwaka 1999 pekee ilivuna zaidi ya dola bilioni mbili kutokana na mpango huo.

Nguvu ya Six Sigma ni kwamba inakataa hisia. Mhandisi aliyeamini kwa miaka kumi kwamba joto la tanuru ndilo linaloharibu vipuri hulazimika kuleta vipimo, na mara nyingi vipimo humuumbua. Katika kazi inayorudiwa mara milioni, kama vile kuchapisha saketi au kuchakata malipo ya benki, hakuna mfumo unaoisogelea.

Udhaifu wake umo humohumo. Huhesabu kasoro za kitu ambacho tayari kimeamuliwa kitengenezwe. Motorola iliendelea kuhesabu huku Nokia ikiipita katika simu za mkononi mwaka 1998, wakati kampuni ikichelewa kuhamia mitambo ya kidijitali. Iridium, mradi wake wa simu za setilaiti, uliomba hifadhi ya kufilisika Agosti 1999, ingawa setilaiti zake 66 zilikuwa angani zikifanya kazi. 3M ilionja upande mwingine wa tatizo hilo. James McNerney alitoka General Electric akateuliwa kuwa mkuu wa 3M mwishoni mwa 2000, akaileta Six Sigma na kupunguza wafanyakazi wapatao 8,000. Faida ilipanda. Lakini 3M ni nyumba iliyojengwa na watu wanaoruhusiwa kuchezea mawazo. Vikaratasi vya Post-it vilitokana na gundi ambayo haikushika sawasawa, kitu ambacho kipimo chochote kingekiita kasoro. Mtafiti alipotakiwa kuonyesha mapema mradi wake utaleta nini na lini, alichagua miradi yenye jibu linalojulikana. McNerney alipoondoka mwaka 2005, mrithi wake George Buckley aliwaondolea watafiti sehemu kubwa ya masharti hayo.

General Electric yenyewe ilihama. Kuanzia Oktoba 2018 iliongozwa na Larry Culp, aliyelelewa Danaher, kampuni iliyojifunza mbinu za Toyota tangu miaka ya 1980. Nyumba iliyoieneza mikanda myeusi ikaanza kuendesha wiki za kaizen, yaani za maboresho madogo madogo yasiyokoma, na mkurugenzi mkuu mwenyewe akawa anashuka kiwandani kushiriki.

ISO 9001 ni habari nyingine kabisa. Ni kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kilichotoka mwaka 1987 kikiwa kimejengwa juu ya kiwango cha Uingereza cha 1979, na kusudi lake la msingi lilikuwa biashara kati ya watu wasiojuana: mnunuzi wa Ujerumani asiyeweza kufika Mombasa wala Mwanza kukagua kiwanda anaridhika kwamba mkaguzi huru amefika. Zaidi ya mashirika milioni moja duniani yana cheti chake. Katika Afrika Mashariki ndio mfumo unaojulikana kuliko mingine, kwani cheti hicho hudaiwa katika zabuni nyingi na huwekwa ukutani mapokezi. Kinachosahaulika ni kwamba cheti hakisemi bidhaa ni nzuri. Kinasema kampuni imeandika namna inavyofanya kazi, inafanya ilivyoandika, na ina utaratibu wa kurekebisha inapokosea.

Ufaransa ililipia somo hilo kwa miili ya watu. Kampuni ya PIP ilitengeneza vipandikizi vya matiti, na mfumo wake wa ubora ulikuwa ukikaguliwa na kuthibitishwa na TÜV Rheinland ya Ujerumani tangu mwaka 1997. Wakati huohuo kiwanda kilikuwa kikijaza vipandikizi hivyo silikoni ya viwandani, ya bei rahisi. Ziara za wakaguzi zilitangazwa mapema, na kabla hawajafika, makaratasi na vifaa vilivyoweza kuwashtua viliondolewa. Serikali ilipoingilia mwaka 2010, makumi ya maelfu ya wanawake walikuwa wameshawekewa. Mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013, na kesi za fidia zikaburuzana mahakamani miaka mingi. Wafanyakazi walijua kilichomo ndani ya mapipa. Mkaguzi alisoma majalada.

Kisa cha Boeing kinakusanya yote haya mahali pamoja. Kiwanda chake cha Renton, jimboni Washington, kilikuwa mwanafunzi mashuhuri wa mbinu za Toyota. Boeing iliajiri washauri wa Kijapani miaka ya 1990, na ndege za 737 zikaanza kuunganishwa kwenye mstari unaosogea polepole. McNerney, yuleyule wa 3M, aliiongoza Boeing kuanzia 2005 hadi 2015. Taratibu za maandishi zilikuwepo tele, chini ya mamlaka ya anga ya Marekani, FAA. Septemba 2023 bodi ya ndege aina ya 737 MAX, iliyoundwa na Spirit AeroSystems huko Wichita, ilikuwa Renton ikiwa na riveti tano zilizoharibika kando ya kizibo kinachofunika nafasi ya mlango usiotumika. Kuzifikia riveti hizo kulihitaji kizibo kifunguliwe, na kukifungua ni kutoa bolti nne. Riveti zilibadilishwa, kumbukumbu ikaandikwa. Kufunguliwa kwa kizibo hakukuandikwa popote. Kwa kuwa hakukuandikwa, hakuna mkaguzi aliyeitwa kukikagua baada ya kurudishwa. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri, NTSB, ulionyesha kwamba katika kikosi cha milango cha watu 24, mmoja tu ndiye aliyewahi kufungua kizibo cha aina hiyo, naye alikuwa likizo.

Tarehe 5 Januari 2024, dakika chache baada ya ndege hiyo ya Alaska Airlines kupaa kutoka Portland ikiwa na watu 177, kizibo kiling'oka. Hakuna aliyekufa. Bolti nne zilikuwa hazijarudishwa.

ISO isingeliona tukio hilo, kwa sababu halikuwa kwenye karatasi. Six Sigma isingelihesabu, kwa sababu kazi inayofanyika mara moja moja haina takwimu. Waliokuwa na nafasi ya kulizuia ni wale waliosimama mbele ya kizibo wakiwa na bolti hazipo, na Renton ilikuwa imewazoesha kwamba ndege husogea hata kazi ya kituo kilichopita ikiwa haijaisha, itamaliziwa mbele. Baada ya ajali, FAA iliizuia Boeing kuzidisha ndege 38 za aina hiyo kwa mwezi, na kampuni ikatangaza kupunguza kazi zinazosafiri kutoka kituo hadi kituo. Nairobi wanaikumbuka 737 MAX kwa msiba mkubwa zaidi, Ethiopian Airlines ya Machi 2019, iliyoua watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao. Huo ulitokana na usanifu wa ndege na namna ulivyoidhinishwa, eneo ambalo mifumo ya ubora ya kiwandani haifiki.

Hospitali za Tanzania zinatoa mfano mdogo lakini wa kufundisha. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani JICA, kutumia mpango wa 5S unaofuatiwa na kaizen. Baadaye Wizara ya Afya iliueneza kwingine. Wauguzi wanazijua hatua zake kwa S tano za Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tatu za mwanzo huonekana kwa macho katika wiki chache, kwani stoo inapangwa, majalada yanapata lebo, vifaa vibovu vinatolewa. Mgeni akipita anapiga picha. Kaizen inayotakiwa kufuata inadai kingine: muuguzi aseme mbele ya daktari bingwa kwamba utaratibu fulani unachelewesha wagonjwa, na utaratibu ubadilishwe. Hatua hiyo haina lebo wala rangi ya sakafu.

Kwa mwenye kampuni anayetafuta wa kumwiga, Toyota haipaswi kuchukuliwa kuwa mtakatifu. Baada ya kuyarudisha mamilioni ya magari kati ya 2009 na 2010, rais wake wa wakati huo, Akio Toyoda, alikiri mbele ya Bunge la Marekani kwamba kampuni ilikua haraka mno, na mwaka 2014 ililipa dola bilioni 1.2 kumaliza shauri la jinai kuhusu namna ilivyowaeleza wateja. Desemba 2023 likaja la Daihatsu, kampuni inayomilikiwa na Toyota kwa asilimia 100 tangu 2016. Kamati huru ilikuta udanganyifu katika majaribio ya usalama unaogusa aina 64 za magari, wa zamani zaidi ukianzia mwaka 1989. Usafirishaji wa magari yote ulisimamishwa.

Kamati hiyo haikukuta upungufu wa kaizen kwenye mistari ya kuunganishia. Ilikuta wahandisi wa majaribio waliopewa ratiba finyu isiyoruhusu gari kufeli, kwa kuwa jaribio likirudiwa tarehe ya uzinduzi inaharibika, na wakuu waliokuwa mbali na kazi hiyo kiasi kwamba hapakuwa na wa kumwambia. Fundi wa kufunga matairi alikuwa na kamba juu ya kichwa chake. Mhandisi wa majaribio hakuwa nayo. Machi 2024 Daihatsu ilipata rais mpya, Masahiro Inoue kutoka Toyota, na katika hatua za kujirekebisha kampuni iliamua kurefusha muda wa kuunda gari jipya, ili jaribio likishindikana pawe na siku za kulirudia.